Siku Vidole Vyetu Vilipogeuka Mabehewa

Enzi zetu pale kambi ya reli, Kamina, treni haikuwa na saa. Ilikuja ilipotaka. Honi ikisikika kwa mbali tu, watoto wote tuliacha kila kitu: anayetwanga sombe, majani ya muhogo, alitupa mchi, anayeoga alitoka na povu masikioni, mbio mpaka stesheni! Tulilaza masikio juu ya chuma cha reli tukibishana nani ameisikia kwanza. Samaki wakavu kutoka upande wa Lualaba walinuka mpaka mate yakajaa kinywani, kuku waliofungwa miguu walipiga kelele, na akina mama walituuzia mihogo ya kuchoma na karanga, wakitufukuza wakati huohuo. Watoto wa leo ukiwapeleka stesheni wanauliza kwanza kama kuna rezo, mtandao wa simu.

Mdogo wetu wa mwisho aliitwa Ilunga, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Bebe. Bebe kuya kula, Bebe acha kuku, Bebe iko wapi? Basi siku moja, sisi wakubwa tukiwa katikati ya ubishi wetu, Bebe alimfuata mbuzi ndani ya behewa la mizigo lililokuwa wazi. Treni ikaondoka naye.

Kilio cha mama siku ile sitaki kukieleza. Baba, aliyekuwa karani wa stesheni, alizunguka akiuliza kila mtu, huku shati lake likiwa limeloa jasho. Bebe mwenyewe alishushwa kwenye kituo kidogo cha mbele. Mama mmoja muuza samaki alimkuta pale kituoni amelala juu ya magunia, akamkalisha na kumuuliza:

"Banakuitaka nani, mutoto?"

"Bebe."

"Na papa yako?"

"Papa."

"Na mama yako, jina yake njo nani?"

Bebe akamtazama kama anayemwonea huruma. "Mama!"

"Kwenu iko wapi?"

"Kwetu."

Yule mama alitusimulia hayo baadaye akicheka, lakini alisema siku ile machozi yalimtoka. Alimlisha bukari, ugali wa kwetu, na samaki, akamlaza na watoto wake, mpaka fundi mmoja wa reli akapita, akayatambua masikio makubwa ya ukoo wetu. Ndivyo Bebe alivyorudi, mabegani mwa fundi. Kambi nzima ilishangilia. Lakini mtoto aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Alishika kitenge cha mama asikiachie, na hakusema neno. Hata maji alikuwa akiyaonyesha kwa kidole.

Jirani yetu alikuwa Mama Bora, mke wa askari wa base, ile kambi ya jeshi, mwenyeji wa Kisangani. Alikuwa amehama na mume wake kambi nyingi, na njiani aliona familia zikitawanyika wakati wa vita. Alikuja kukaa na mama, akamwambia:

"Mutoto atakomea, atakuwa mukubwa, sura itageuka. Lakini kidole haigeukake. Tuchukue alama ya vidole ya batoto bote, tuweke mu sanduku. Siku ingine, kama mutoto anapotea tena, tuko na kitu ya kuonyesha."

Mama akakubali palepale. Jioni baba akaomba kazini kibati cha wino wa mihuri, tulichokiita tampo, na Jumamosi tukaitwa wote uani. Tulipoona ule wino mweusi tulitawanyika kama vifaranga walioona mwewe! Sisi tulijua wino wa vidoleni ni wa nani: wa wafungwa. Nkambo, mama yake baba, akazidi kuharibu mambo.

"A Vidye wami! Mungu wangu! Batoto ya bantu wanafanya nini mpaka munabatia wino?"

Mmoja alipanda juu ya choo. Mwingine alijifungia jikoni akilia, "Minyi siko mufungwa!" Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji.

Mama Bora hakumkimbiza mtu. Alikaa kwenye mkeka, akatia kidole gumba chake kwenye wino, akakibandika juu ya kipande cha katoni ya sabuni. Kisha akachukua kalamu, akaiongezea ile alama mdomo, miguu miwili na mkia.

"Nkambo, angalia. Hii njo nini?"

Nkambo akainama, akaangaza macho. "Kuku!" akasema, na kicheko kikamponyoka. "Iko kuku ya kweli!"

Aliyekuwa juu ya choo akashuka kutazama. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mimi nikatoka mbio, na kabla hata sijafika nilikuwa ninapiga kelele, "Na minyi! Na minyi!" Kidole changu kikawa kanga, kwa sababu ile mistari myembamba ilifanana kabisa na madoa yake. Dada yangu akatoa samaki. Mtoto wa Mama Bora akatoa chura mwenye macho makubwa, tukaanguka kwa kicheko. Watoto wa nyumba nyingine wakasikia, wakamiminika. Uani hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu! Tulisukumana, tulipakana wino puani, kila mmoja akitaka kuona mistari ya mwenzake ikoje, na tukagundua kwa mshangao kwamba hata mapacha wa nyumba ya tatu hawakufanana vidole.

Kila mtoto kwanza alibandika vidole vyote kumi kwenye karatasi yake. Hiyo ilikwenda kwenye sanduku la bati la mama. Halafu Mama Bora akakunjua katoni nzima, akachora reli ndefu.

"Sasa tunatengeneza treni. Kila kidole ni behewa. Lakini behewa haipate magurudumu kama mwenyewe hayaseme jina yake yote, jina ya papa na ya mama, na kwabo."

Basi ikawa makelele! Kila mtoto alitaja majina kwa sauti kubwa kuliko aliyemtangulia, na wengine walikimbia nyumbani kuwauliza baba zao majina yao kamili. Mabehewa yakajaa mpaka ukingo wa katoni. Ila mbele, pale pa kichwa cha treni, hapakuwa na kitu. Tukaanza kupigania nafasi ile.

Ndipo kitenge cha mama kikatikisika. Bebe akatoka nyuma yake, akapita katikati ya miguu yetu, akachovya kidole kwenye wino bila kuambiwa, akakibandika pale mbele. Mama Bora akashika kalamu, akasubiri.

"Magurudumu," Bebe akasema.

Mama akaziba mdomo kwa mkono. Mama Bora akauliza polepole, "Ya nani?"

"Ya Ilunga. Papa yangu njo Mwamba. Mama yangu njo Ngoie. Kwetu ni kambi ya reli, mulango ya bleu."

Nkambo alipiga kigelegele kilichowatoa watu barabarani. Mama alimkumbatia Bebe, wino ukamchafua shavu, na hakuufuta mpaka jioni. Kesho yake tulikwenda kanisani na vidole vyeusi, tukivionyesha kama pete.

Siku hizi wanangu wanabandika kidole gumba kwenye kioo cha simu tangu asubuhi, na simu inafunguka. Juzi nilimuuliza kifungua mimba wangu jina kamili la babu yake. Akasema, "Ngoja niangalie." Nikamuuliza namba yangu ya simu. "Iko mu telefone, mama." Na telefone ikipotea? Akacheka, akarudi kwenye kioo chake. Mimi nilibaki mlangoni nikiutazama ua mtupu, uliofagiliwa vizuri, na nikatamani mtu auchafue.