Betri Ilikuwa Msibani

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Ukungu ulikuwa umeifunika Nyandira tangu alfajiri, na manyunyu yalianguka, yale ya kulowesha bila kelele. Mchana umeme ulikatika ghafla, na Deogratias akabaki akitazama sura yake mwenyewe kwenye kioo cheusi cha kompyuta.

Hakupiga kelele. Miaka yote katika kile chumba cha kurekodia, nyuma ya duka la pembejeo, alijulikana kwa mambo mawili: kukunja nyaya zake kwa uangalifu wa msuka ukili, na kutomnyima mtu kitu. Alimaliza kidato cha nne mjini Morogoro, akapakia kabichi kwenye malori hadi akapata kompyuta kuukuu, na mwanafunzi mmoja wa chuo akamwekea mfumo wa Linux kwa kuwa ni wa bure. Mengine alijifundisha.

Mezani, mahali pa betri ya gari iliyokuwa ikishikilia kompyuta umeme unapokatika, palikuwa na mraba usio na vumbi. Betri ilikuwa msibani. Mjomba wake Grace alikuwa amefariki, na Paulo, mwenyekiti wa kwaya ya kigango, alikuja kuiomba kwa ajili ya spika. Huku Nyandira, mtu akitaja msiba humwambii "ngoja". Unafungua nyaya, unampa.

Na kazi iliyokuwa kwenye kompyuta saa ile ilikuwa ya Grace huyohuyo. Ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Kabla ya kukatwa uvimbe shingoni alirekodi nyimbo zote mbio mbio, kama mtu anayeanua nguo mvua ikinyemelea. Uvimbe ulikuwa umeshika mshipa wa sauti, nao ukakatwa pamoja. Sasa alinong'ona tu, na sokoni aliuza njegere kwa kuonyesha bei kwa vidole. Sauti yake iliyobaki duniani ilikuwa mle ndani. Deogratias alikuwa akiisafisha, na kompyuta ilikuwa ikiandika sauti safi juu ya ile ya zamani umeme ulipokatika.

Uliporudi, jua likielekea kuzama, Paulo alisimama mlangoni, tope hadi magotini, mikono mitupu.

"Tumsifu Yesu Kristo, fundi."

"Milele amina. Betri yangu?"

"Ah, Deo! Nizime spika watu wanalia?"

Kompyuta ilikataa kuwaka hadi mwisho. Iliandika kwa herufi nyeupe kwamba diski ina hitilafu, irekebishwe kwa mkono. Deogratias alijua utaratibu: kwanza unanakili diski nzima, kisha unatengeneza nakala, ile ya asili huigusi. Lakini hakuwa na diski nyingine; ya karibu ilikuwa mjini.

"Ile flashi ya nyimbo niliyokupa utunze?"

"Ipo. Ila vijana wameweka muvi."

"Na nyimbo?"

"Si zilikuwa zinajaza nafasi?"

Deogratias akageukia kioo.

"Jumapili tunazindua albamu," Paulo alisema. "Inakuuliza nini hapo?"

"Kama irekebishe."

"Sasa mtu anakuuliza kwa adabu hivyo unamnunia? Jibu ndiyo, bwana!"

Akajibu ndiyo. Ikauliza tena, akajibu ndiyo. Kila swali lilikuwa kipande cha diski kisichojua tena ni cha nani, na kila ndiyo ilikiondoa mahali pake. Alijua anachofanya. Alishindwa kusema hapana kwa mashine kama anavyoshindwa kwa watu.

Mwishowe kompyuta iliwaka. Mafaili ya Grace yalikuwapo kwa majina, matupu kama maganda. Yaliyookotwa yalikuwa yamerundikwa kwenye folda moja, bila majina, namba tu. Aliyasikiliza moja baada ya jingine. Ngoma zilipatikana. Kinanda, kikapatikana. Sauti ya pili, ya tatu, zote nzima. Ya Grace ilipatikana kipande kimoja, cha kabla ya wimbo:

"Deo, imeshawaka? Usinirekodi nakohoa, nitakudai soda." Akacheka, akasafisha koo, akavuta pumzi ndefu. Basi.

"Ala zimepona?" Paulo aliuliza. "Basi tumepona. Upendo wa sauti ya pili ataimba mahali pa Grace. Nani atajua?"

"Grace atajua."

"Grace hana hata sauti ya kulalamika." Paulo alicheka, akaona anacheka peke yake, akaaga.

Asubuhi yake Deogratias alipanda na njia ya tope hadi matangani, kile kipande kikiwa kwenye simu. Upendo alikuwa akiimba kwenye kipaza sauti. Grace alikaa mkekani na wafiwa, kanga imefunika shingo. Deogratias alichuchumaa, akampa pole, akampa visikizio.

Grace alisikiliza. Akatabasamu kidogo, akangoja.

"Na wimbo?" alinong'ona.

"Haupo. Umeme ulikatika, na betri..." Aligeuka kuitazama, chini ya meza ya spika.

Grace naye akaitazama. Kisha akabonyeza simu tena, akasikiliza hadi kwenye ile pumzi, akavua visikizio, akamrudishia.

Spika ikaanza kufifia.

"Deo!" Paulo aliita. "Afadhali umekuja. Hebu cheki hiyo betri."

Deogratias aliinuka, akaenda akapiga goti kwenye tope, akakaza nyaya.