Kichupa cha Sitini na Tatu

Kabati la maabara ya shule lilikuwa na rafu tano, na Bi Lebo alizipanga kwa makundi ya viumbe. Ya juu ilikuwa ya bakteria, nayo ilibeba picha mbili tu, kwa kuwa bakteria hawaonekani kwa macho. Chini yake vilikaa viumbe vya seli moja kutoka madimbwini, kisha kuvu, kisha mimea. Wanyama aliwaweka chini kabisa kwa sababu mitungi yao ilikuwa mizito. Jina la Bi Lebo alipewa na wanafunzi. Alibandika lebo kwenye kila kitu, hata kikombe chake kiliandikwa "Chai".

Alikuwa msaidizi wa maabara kwa miaka kumi na tisa. Mwaka ule mkuu wa maabara alistaafu, na mwalimu mkuu akamwambia bila kuzunguka kwamba mtihani wa vitendo ukipita salama, nafasi ni yake. Aliitaka sana. Hakumwambia mtu ila kaka yake, na kaka akamwambia mkewe, basi mtaa mzima ukajua.

Wifi yake huyo alikuwa na tanuri la mikate, na hamira ya mtihani ilitoka kwake, pakiti nane.

"Hii utaiweka rafu gani?" wifi aliuliza.

"Ya kuvu, pamoja na uyoga."

"Hamira na uyoga ndugu? Basi mimi na nyani mabinamu."

"Ni mabinamu, ila wa mbali."

"Wa mbali kwako. Mimi nalala chumba kimoja na kaka yako." Alijicheka mwenyewe, kisha akaitikisa pakiti sikioni. "Lakini kweli, wifi, huu unga mkavu uko hai vipi? Haupumui, hauli."

"Umelala. Upe maji na sukari uone. Utakula, utapumua, utatoa hewa, utazaana. Unga wa ngano ukiupa maji unabaki unga."

Swali la mtihani lilikuwa hilohilo. Kila mtahiniwa kati ya sitini na wawili angepewa vichupa viwili vyenye sukari: A chenye hamira nzima, B chenye hamira iliyochemshwa. Baada ya dakika ishirini angesema kipi kina viumbe hai, na ni sifa zipi zimeonyesha hivyo.

Maji ya mtihani Bi Lebo huyachemsha jana yake, yasiwe na kijidudu kingine, akayaacha yapoe. Safari hii umeme ulikatika mchana kutwa, akayachemsha asubuhi ileile. Alipotaka kuyapima, vipimajoto vyote vilikuwa vimekwishapangwa kwenye meza za watahiniwa, na kwa sheria yake mwenyewe meza ikishapangwa haiguswi. Akaweka kiganja kwenye jagi. Lilikuwa jagi la plastiki nene. Akaona ni vuguvugu, akamimina hamira.

Alikuwa na desturi ya kutengeneza kichupa A cha ziada, cha sitini na tatu, na kukiweka mezani kwake katika chumba cha maandalizi. Dakika ya kumi ya mtihani alikitazama. Hakikuwa na povu. Akachovya kidole kwenye maji yaliyobaki jagini, akakitoa upesi. Akatoka kumwita msimamizi wa mtihani, mwanamume aliyetumwa kutoka shule nyingine.

"Kuna nini, mama?"

"A haitoi povu."

"Hamira mbovu hiyo. Umeitoa wapi?"

"Kwa wifi yangu."

"Imepitwa na wakati. Nitaandika hivyo, hutokea." Kalamu ilikuwa tayari mkononi.



"Hamira ilikuwa nzima," Bi Lebo alisema. "Maji yalikuwa ya moto. Nimeiua mimi."

"Mama, nikiandika hivyo, unajua karatasi hii inakwenda kwa nani?"

"Najua. Lakini ukiandika hamira mbovu, itabidi tukatafute nyingine mjini, na hapa ninazo pakiti nne. Nipe dakika kumi."

Watahiniwa waliambiwa waweke kalamu chini. Mmoja alikuwa ameshaandika kwamba A na B vyote havina uhai, na kwa alichokiona hakukosea. Bi Lebo alikwenda meza ya kwanza. "Samahani, mwanangu, nakuazima kipimajoto." Alichanganya maji ya moto na ya baridi hadi nyuzi thelathini na saba, akagawa upya. Muda ulianza kuhesabiwa tena. Safari hii povu lilipanda, vichupa vingine vikafurika mezani.

Taarifa ya msimamizi ilikuwa na mistari minne, na maneno "kosa la msaidizi wa maabara" yalikuwa katika mstari wa pili. Mwezi uliofuata nafasi alipewa mtu kutoka nje ya shule.

"Ningefanyaje, Bi Lebo?" mwalimu mkuu alimwambia. "Maandishi yapo."

"Yapo, Mwalimu. Ninaomba kimoja tu. Kipimajoto kimoja kisihesabiwe na vya watahiniwa. Kibaki meza ya maandalizi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Siku mkuu mpya alipofika, Bi Lebo aliomba ruhusa akatibiwe jino. Wifi alimkuta nyumbani anafua mapazia yaliyokuwa safi, akakaa kumsaidia kukamua, na kwa mara hiyo moja hakutania. Jumatatu Bi Lebo alirudi kazini, akamkabidhi mkuu mpya funguo, akamweleza kwanza kuhusu umeme unaokatika na maji ya mtihani.