Ulumu za Shemeji Thabit

Shemeji yangu Thabit hakuwa mtu wa kutulia. Hata akila, macho yake mlangoni. Tulidhani ni Unguja inayomsumbua, maana sote tulifika Maskati mwaka sitini na nne mikono mitupu. Ujanani alikuwa mpishi katika meli ya Waingereza.

Dada yangu Kheiria aliharibikiwa na mimba tatu, na lawama zote zikamwangukia yeye. Masouda, dada wa Thabit, akimnywesha dawa chungu mpaka anatapika. Mwisho akamtafutia kaka yake mke wa pili, binti wa Mzee Mahfoudh. Thabit hakusema ndiyo wala la, akizunguka uani tu, na mimi nikamchukia.

Julai ya 1968 redio ikatangaza kwamba Uingereza, Marekani na Urusi wametia saini mkataba: silaha za nyuklia zisienee, na wao wazungumze namna ya kuziondoa zao. Thabit akaisikiliza habari hiyo mara tatu.

"Hamdiya," akaniuliza, "wamesema lolote juu ya waliokuwa karibu zikiripuliwa?"

Sikumwelewa.

Siku ya pili alasiri Mzee Mahfoudh akaja kutoa jibu la posa. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Kahawa ikamiminwa, naye akauliza habari kama watu wa hapa wanavyouliza: "Ulumu? Akhbari?" Jibu lake ni moja, hakuna ulumu, kheri tu, hata kama nyumba inaungua. Sisi wa Unguja tulichekwa sana mwanzoni kwa kujibu ukweli.

"Ulumu zipo, mzee," Thabit akasema. "Mwaka hamsini na nane Waingereza walijaribu bomu lao kule Pasifiki, na mie nilikuwa melini. Tuliambiwa tugeuke, tuzibe macho kwa viganja. Mwanga ukapenya, nikaiona mifupa ya vidole vyangu. Hapana daktari aliyeniambia kitu, lakini nnakhofu kasoro iko kwangu, si kwa Kheiria. Usinipe binti yako."

Mzee Mahfoudh akakiweka kikombe chini. Moyo wangu ulijaa furaha, nikamgeukia dada nimkumbatie. Hakuwepo. Alikwishaingia barazani kichwa wazi, mbele ya mgeni.

"Ulijua," akamwambia mumewe. "Kila kikombe cha dawa nilichokunywa, ulikuwa ukinitazama, na ulijua."

"Niliona haya, Kheiria."

"Na mie je? Mie sikuwa na haya?"