Mkono Ulionishika Kidole Mchana

Wenzangu, nikipita mbele ya kanisa letu hapa Kitengela bado nafunika uso na leso, na nyinyi chekeni tu, maana hata mimi ningecheka.

Yote yalianza na usingizi. Mjukuu wangu Wanja, wa darasa la kwanza, alikuwa ananisumbua kila nikitaka kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, basi nikampa simu acheze gemu, nikalala zangu kwa kochi. Hapo ndipo nikaanza kusikia mkono. Mkono mdogo, wa baridi, unanishika kidole gumba, unakiinua polepole, unakibonyeza mahali, halafu unakirudisha kifuani pangu kwa upole (macho yamekataa kufunguka). Kesho yake tena. Nikajua ni mzee wangu, marehemu mume wangu.

Mwingine angenyamaza. Mimi nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda! Wamama wakalia, na jirani yangu Mama Saitoti, ambaye huniita Shosho, yaani bibi, kama Wanja, akaniuliza, "Shosho, na anataka nini huyo mzee?" Nikasema labda ananiita.

Halafu nikaenda kulipa karo ya Wanja nikakuta simu haina hata shilingi, na nilikuwa nimeuza ng'ombe Kajiado nikaweka pesa zote humo! Nikasema basi, huyu si mzee, ni kitu kingine.

Wamama wa maombi wakaja mchana, wakaniambia nilale vile huwa nalala, wao wakajificha nyuma ya pazia. Upepo wa huku mnaujua, mabati yalikuwa yanalia. Mkono ukaja. Nikasikia Mama Saitoti akinong'ona, "Shosho, fungua macho."

Nikafungua. Wanja ameniinamia, simu mkono mmoja, kidole changu mkono mwingine.

Hata hakushtuka. "Nyamazeni," akatuambia, "anasikia baridi." Akatugeuzia simu: mtoto wa kuchorwa, macho makubwa yamejaa machozi, anatetemeka, anaita kwa sauti nyembamba, "Wanja... Wanja..." na chini yake picha ya blanketi inauzwa. Akinunuliwa blanketi ananyamaza, kesho anatetemeka tena. Hakuna mama aliyecheka.

Binti yangu, mamake Wanja, ndiye aliniwekea simu ifanye malipo kwa kidole, ati nisisumbuke na namba ya siri. Akawaandikia wenye gemu. Wakajibu kwamba malipo yalikubaliwa na kidole cha mwenye simu. Kidole ni changu, sikatai, lakini aliyefundisha hiyo kitu kumlilia mtoto mdogo kwa jina lake si mimi. Tumewaandikia tena, wamenyamaza.

Jumapili nikarudi mbele kusema haikuwa mzee, na kanisa likacheka mpaka pasta akakaa chini. Nimeapa: sitoi ushuhuda tena kabla sijajua mtoto yuko wapi na ameshika nini.

Gemu niliifuta mwenyewe. Lakini mchana Wanja huacha sahani yake, ananiangalia, anauliza, "Shosho, sasa nani anamfunika?"