Waya Mwekundu wa Marehemu

Fundi redio wa soko la Kibondo huisalimu kila redio "Mwakeye!" kabla ya kuifungua, kisha huunyoosha mchoro wa nyaya zake kwa kiganja kama barua ya posa. Leo redio ya zamani, ya taa za kioo, imefika bubu, na ndani mna waya mwekundu ambao mchoro hauujui.

"Aliuweka marehemu mume wangu," anasema Mama Vestina. "Usining'olee kazi ya mikono yake."

"Mama, mchoro haumtambui."

"Mchoro ulikula naye wapi?"

Fundi anacheka, anashika koleo, anasita. Mikono ile haina desturi ya kusita. Anauinamia waya, anaona ulipolegea, anaulehemu. Kwaya inalipuka kutoka redioni, sokoni kote. Mama Vestina anacheza mabega huku akifuta macho, na fundi anaomba kalamu nyekundu, anausahihisha mchoro.