Majarida Yasiyofunguliwa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali ndogo karibu na Nyamira. Asubuhi moja mama alishuka kutoka Manga akiwa amembeba binti yake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa anaharisha na macho yamezama. Dripu zilikuwa zimetuishia. Daktari akaagiza asipewe chochote mdomoni, eti tumbo lipumzike.

Mtoto alilia, "Amache, amache," akiomba maji. Mama yake akanisihi, "Sista, hata tone moja?" Nikamkatalia, kwa kuwa nilikuwa nimeamriwa. Mtoto akafariki kabla ya adhuhuri.

Wiki mbili baadaye nilitumwa kuchukua fomu ofisini kwa daktari. Kabatini nikakuta majarida ya udaktari, bado yamo ndani ya bahasha zake. Nikafungua moja. Lilieleza kwamba watafiti wamewaokoa wagonjwa wa kuharisha kwa kuwanywesha maji yenye sukari na chumvi. Sukari na chumvi! Vyote vilikuwa jikoni kwetu.

Daktari alipoingia na chai yake, nikambwagia jarida mezani. "Hili lilifika lini, daktari?"

"Mwaka jana. Sista, sina nafasi ya kusoma kila kitu."

Nikamwambia watoto wa wodi yangu watakunywa maji hayo kuanzia leo, na akitaka anifukuze. Hakunifukuza, aliendelea na chai yake. Nikaenda jikoni kuomba sukari.

Mwaka ule wengi walipona wodini, na kila aliyepona alinizidishia hasira.