Dawa ya Kifua Iliyotangazwa Redioni

Niliondoka Murangi kwa sababu ya redio. Tulikuwa ofisi ya kijiji tukisikiliza habari, mtangazaji akasema mganga mmoja wa upande wa Butiama amepata dawa ya mitishamba inayomaliza kifua kikuu bila sindano. Watu walipiga makofi. Nami nilifurahi, kisha nikaogopa. Mdogo wangu Nyangeta, aliyeolewa Bunda, alikuwa anachomwa sindano za ugonjwa huo, na namjua: ataziacha.

Asubuhi nilivuka ziwa kwa mtumbwi hadi Mwigobero, nikapita katikati ya wanawake walioanika dagaa, nikawahi basi la Bunda.

Bunda nilimkuta Nyangeta uani, amevaa sweta juani. Sindano alikuwa ameshaziacha.

"Zilikuwaga zinanipa nafuu, dada, lakini zinauma. Na serikali imesema yenyewe redioni."

"Shemeji, nimemkataza mpaka nimechoka," alisema mumewe, Magesa.

Nilimsihi, nikamgombeza, akalia. Alisema ataenda hata peke yake. Nikaona afadhali nimsindikize.

Lori la pamba lilitushusha Butiama. Kutoka hapo tulitembea, akipumzika kila penye kivuli.

Kwa mganga watu walijaa hadi zizini. Mganga mwenyewe, mama wa makamo, aliposikia Nyangeta akikohoa alimvuta pembeni.

"Mwanangu, dawa yangu inalainisha kohozi tu. Wale wa redio niliwaambia hivyo hivyo. Wewe rudi hospitali."

Nyangeta akatabasamu. "Mama, unanipima imani. Redio imesema."

Mganga akanigeukia mimi. "Wote wananiambiaga hivyo. Nikiwafukuza, wanalala hapo nje."

Nyangeta alikataa kuondoka mpaka apewe kikombe. Alikunywa amefumba macho.

Tuliporudi Bunda alianza kutema damu. Magesa alimkimbiza hospitali kwa baiskeli. Sindano zilianza upya, lakini mwili ulikuwa umekwisha. Tulimzika uani pale pale, pamba ikiwa bado shambani.

Nilirudi Murangi nikiwa nimejifunza kwamba neno likishatoka redioni, hata aliyetajwa hawezi kulirudisha. Jirani yangu, ambaye mumewe anakohoa, alikuja kunipa pole, kisha akauliza njia ya kwa mganga. Nilimweleza yote niliyoyasikia kwa masikio yangu.

Alinitazama kwa uchungu. "Wewe wako amekufa, ndiyo unatunyima sisi?"

Kesho yake niliwaona wakishuka ziwani, yeye amebeba mkeka, mumewe akimfuata nyuma, akisimama kukohoa.